Kutazama Wasio na Mpira: Siku Tano Kutoka Nakuru Hadi Mamboleo

Siku ya kwanza: Nakuru hadi Kisumu

Tuliondoka Nakuru saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwanzoni mwa Desemba 2023, tukiwa wavulana kumi na mmoja, mama wa kipa wetu, dereva na mimi. Idadi hiyo ya kumi na mmoja isimdanganye msomaji akadhani kwamba nilibeba kikosi changu cha kwanza. Wazazi wa wachezaji wangu wanne hodari walikataa katakata watoto wao walale mbali na nyumbani wakati mvua za El Niño zilikuwa zimekwisha kukata barabara na kufurika makazi ya watu katika sehemu nyingi za nchi, nami sikuwalaumu. Nafasi zao katika matatu niliyoikodi nilizijaza na watoto wa benchi, akiwemo mmoja wa miaka 13 ambaye msimu mzima alikuwa amecheza dakika chache mno, nyingi zake zikiwa za kupoteza muda tukiwa tunaongoza.

Tulikuwa tunakwenda kutazama fainali ya mashindano ya CECAFA, baraza la soka la Afrika Mashariki na Kati, ya timu za taifa za vijana wasiozidi umri wa miaka 18, yaliyokuwa yakichezwa Kisumu na Kakamega tangu mwishoni mwa Novemba. Ahadi ya safari hii niliitoa tarehe 27 Septemba, siku ilipotangazwa kwamba Kenya, Uganda na Tanzania zitaandaa kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Jioni hiyo, tukiwa tunakusanya koni uwanjani, nahodha wetu alipiga hesabu kwa sauti: sasa ana miaka 14, mwaka huo atakuwa na 18. Sikumjibu kitu. Nilijiambia tu kwamba mtoto anayepiga hesabu za namna hiyo anastahili kuwaona kwa macho yake vijana wa miaka 18 waliokwisha kuvaa jezi ya nchi, ajue ni watu wa kimo gani na wanafanya nini ambacho yeye hafanyi.

Kutoka Nakuru hadi Kisumu ni takriban kilomita 185, na kwa mahesabu yangu tungekula chakula cha mchana tukilitazama ziwa. Tulipopita Mau Summit tu, mahali ambapo barabara ya Kericho inaachana na ile ya Eldoret, mkanda wa feni ulikatika, na kabla dereva hajapata mahali pazuri pa kuegesha, mshale wa joto la injini ulikuwa umekwisha kupanda hadi mwisho. Mwenye gari alikuwa ameniapia kwa simu siku iliyotangulia kwamba gari limetoka kwa fundi juzi. Dereva alilitazama pengo mahali pa mkanda, akanitazama mimi, akasema polepole, "Kocha, gari lilienda kwa fundi kupakwa rangi." Alipanda bodaboda kurudi Molo kutafuta mkanda mwingine, akatuacha kando ya shamba la viazi, juu ya mita 2,400 kutoka usawa wa bahari, kwenye baridi ya kukausha masikio.

Saa tatu hizo nilizihesabu kama hasara, lakini leo nikisoma daftari langu naona ndipo safari ilipoanza. Watoto walichora uwanja mdogo kwenye majani yaliyolowa, wakaweka mabegi kuwa milingoti. Mimi, kwa kukosa la kufanya, nilikaa juu ya tairi la akiba nikamtazama kila mmoja kwa dakika tano bila kuufuata mpira. Ni zoezi gumu kuliko linavyosikika, kwa maana jicho la mwanadamu linapenda mpira kama nzi anavyopenda taa. Nilichokiona kilinitia haya: watoto wangu, niliokuwa nao kwa miaka miwili, wasipokuwa na mpira walisimama wima kama wanaongoja kuitwa majina. Walizinduka tu mpira ulipowafikia miguuni, na wakati huo adui alikuwa amekwisha kuwafika mgongoni. Hapo ndipo wazo lilinijia la jinsi tutakavyoitazama fainali, wazo nitakalolieleza mahali pake.

Mkanda ulifungwa saa sita kasoro. Tulipofika njia panda ya Londiani, gumzo garini lilikatika bila mtu yeyote kuagiza. Hapo ndipo jioni ya tarehe 30 Juni mwaka huo lori lilipoacha njia na kuvamia magari, wachuuzi na watu waliokuwa wakingoja usafiri, wakafa watu zaidi ya hamsini. Kina mama wanaouza mboga walikuwa wamerudi barabarani, kwa sababu njaa haina likizo. Mama Kipa, jina ambalo watoto walikuwa wamempa kabla hatujafika hata Njoro, alimwomba dereva asimame, akanunua kabeji tatu ambazo hatukuwa na sufuria ya kuzipikia.

Kericho ilitupokea kwa mvua na chai yake ya kijani isiyo na mwisho. Baada ya Kapsoit barabara huteremka na joto hupanda, na kufikia Ahero, penye mashamba ya mpunga, watoto wa Nakuru walikuwa wamevua masweta wakayafunga viunoni. Tuliingia Kisumu giza likianza. Dada mkubwa wa Mama Kipa, aliyeolewa huko miaka mingi, alikuwa ametuombea ukumbi wa kanisa mtaani Migosi, na alitungoja mlangoni na sufuria mbili za ugali na samaki. Alizipokea zile kabeji tatu kwa mikono miwili kana kwamba ndizo alizokuwa akizingoja tangu asubuhi.

Siku ya pili: Kakamega

Nusu fainali zilikuwa zimekwisha kuchezwa, na fainali ilikuwa bado, kwa hiyo siku hii niliitenga kwa ajili ya Kakamega, ambako baadhi ya mechi za mashindano zilichezwa katika uwanja wa Bukhungu. Nilikuwa pia nimekubaliana na mwalimu mmoja wa huko tucheze mechi ya kirafiki dhidi ya vijana wake.

Kisumu iko kusini kidogo ya Ikweta na Kakamega iko kaskazini yake, kwa hiyo mahali fulani asubuhi hiyo tulivuka katikati ya dunia bila hata mmoja wetu kuinua kichwa. Walichokiinulia kichwa ni lile jiwe la Ilesi karibu na Kakamega, jiwe refu lililobeba jiwe jingine utosini, linalotiririsha maji kifuani hadi likaitwa jiwe linalolia. Kwa mvua za mwezi huo lilikuwa linalia kwelikweli. Winga wetu, mtoto asiyekosa neno, alisema labda lilitazama mazoezi yetu ya Mau Summit.

Bukhungu ilikuwa imefungwa. Askari wa lango alinisikiliza kwa subira, akawatazama watoto, akawatazama tena viatu vyao, kisha akasema tuna nusu saa na tusikanyage ndani ya mstari. Watoto wakazunguka uwanja kimyakimya kama watu walioingia msikitini. Uwanja huo una historia yake nje ya mpira, kwa maana sherehe za kitaifa za Mashujaa za 2018 zilifanyika hapo, lakini watoto walitaka kujua jambo moja tu: je, lango lao ni kubwa kuliko letu? Niliwaambia lango la mpira ni lile lile duniani kote, mita 7.32 kwa mita 2.44. Kipa wetu alisimama nyuma ya mstari, akanyoosha mikono yote miwili kuelekea milingoti, akabaki hivyo kwa muda mrefu. Alijua vizuri kwamba kwetu milingoti ni mikaratusi miwili iliyopandwa na mtu ambaye hakuwa na futi ya kupimia.

Nilichotaka waone mimi ni maji. Mvua ya usiku ilikuwa imeacha madimbwi membamba karibu na kibendera cha kona, na nikawaeleza kwamba vijana waliocheza hapa walitoka nchi mbalimbali, wengine wamezoea nyasi za bandia na wengine ardhi kavu, wakakutana na uwanja uliolowa maji. Pasi fupi ya chini hufia njiani katika hali hiyo. Anayeipokea asipoifuata, adui ataifuata. Nahodha aliandika maneno hayo, ingawa sikuwa nimemwambia mtu aandike.

Mchana tulicheza mechi yetu, na sitaifanya kuwa ndefu: tulifungwa mabao matatu kwa moja kwenye uwanja wenye mteremko, na kipindi tulichoteremka nacho ndicho tulichofungwa mawili. Vijana wa Kakamega walipiga mpira kama watu waliozaliwa karibu nao, jambo lisilonishangaza. Hili ni eneo lililowapa AFC Leopards, klabu iliyoundwa 1964 ikiitwa Abaluhya United, sehemu kubwa ya damu yake, na shule za hapa hutajwa mara nyingi penye mashindano ya shule za sekondari za Afrika Mashariki. Baada ya kipyenga, ngoma za isikuti zilisikika kutoka upande wa sokoni, pengine ni harusi, na wenyeji wetu wakatugawia mizizi ya mukombero ya kutafuna. Mtoto wa miaka 13 aliingia dakika kumi za mwisho. Hakuharibu kitu, na wala hakugusa mpira zaidi ya mara mbili.

Tukiwa njiani kurudi, mabishano yalikuwa juu ya timu yetu ya taifa ya vijana, wakati huo ikiwa chini ya kocha Salim Babu. Kila mtoto alikuwa na jina lake, lakini majina mawili yalirudi mara kwa mara, Aldrine Kibet na Amos Wanjala, waliopitia shule ya St. Anthony's ya Kitale. Kitale iko Bonde la Ufa kama Nakuru, na hilo ndilo lililowasumbua watoto. Nyota wa Ulaya hamwumizi mtu kichwa. Mtoto aliyecheza kwenye viwanja vya shule unavyovijua wewe, akala githeri ile ile, huyo humnyima mwenzake usingizi.

Siku ya tatu: Kisumu

Ilinyesha. Asubuhi watoto walifua jezi wakazianika ndani ya ukumbi wa kanisa, na kwa saa kadhaa mimbari ilivaa bukta. Alasiri mvua ilipotulia tulipanda tuktuk nne hadi ufuo wa Dunga, tukala samaki ngege wa kukaanga wachache tukiwagawana, kwa maana mfuko wa safari ulikuwa umeumwa vibaya na mkanda wa feni. Watoto wengi hawakuwahi kuliona ziwa ambalo huwezi kuiona ng'ambo yake. Nakuru tuna ziwa, lakini ukisimama kando yake unaona milima ya upande wa pili.

Jioni, baada ya chai, niliwaketisha nikawaambia habari ya Kenya na Uganda, kwa kuwa ndio waliokuwa wamebaki kwenye mashindano na kesho yake wangekutana. Niliwaambia kwamba timu hizi mbili zilianza kushindania kombe mwaka 1926, wakati kampuni ya sabuni ya Kiingereza, William Gossage, ilipotoa kikombe cha kugombewa na nchi hizi mbili. Tanganyika iliingia 1945, Zanzibar 1949, na mti huo ndio uliokuja kuzaa Kombe la Chalenji la CECAFA, ambalo Uganda imelichukua mara 15, kuliko nchi nyingine yoyote. Kipa alihesabu kwa vidole akasema, "Kwa hiyo, Kocha, kesho ni ugomvi wa miaka 97." Nikamwambia ni hivyo, na wanaoucheza kesho hawana hata miaka 20.

Niliwaambia pia jambo ambalo hawakulijua, au walilisikia wakiwa wadogo mno kulijali, kwamba kuanzia Februari hadi Novemba 2022 Kenya ilikuwa imefungiwa na FIFA kwa sababu ya serikali kuingilia uongozi wa soka. Kwa mtu mzima, miezi tisa ni kesi za mahakamani na vichwa vya magazeti. Kwa kijana wa miaka 16 ni msimu mzima bila mechi hata moja ya kimataifa, na msimu wa umri huo haulipwi. Vijana tuliokwenda kuwatazama walikuwa sehemu ya kizazi hicho kilichongojeshwa. Nilisema haya kwa ukali kidogo kuliko nilivyokusudia, na Mama Kipa akanisogezea kikombe cha pili cha chai.

Kisha nikagawa kazi. Kila mtoto angepewa mchezaji mmoja wa kumtazama kuanzia filimbi ya kwanza hadi ya mwisho, na asiufuate mpira hata kidogo. Angeandika mtu wake anasimama wapi mpira ukiwa mbali, anatazama nyuma mara ngapi, anasema nini au anaashiria nini kwa mikono. Walipiga kelele kama niliowanyima chakula. "Na bao je, Kocha?" Niliwajibu kwamba bao watalisikia. Kipa nilimpa kipa wa Kenya, nahodha nilimpa kiungo mkabaji wa Uganda, winga akapewa winga. Mimi nilichukua beki wa kati wa Uganda. Nilipomfikia yule wa miaka 13, wachezaji niliotaka watazamwe walikuwa wamekwisha, na bila kufikiri nikamwambia, "Wewe utatazama benchi la Kenya." Akaitikia, "Sawa, Kocha." Nililala nikilifikiria jibu hilo fupi.

Siku ya nne: Mamboleo

Tulitembea kutoka Migosi, kwa kuwa Mamboleo si mbali na magari yalikuwa hayaendi. Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, ulioko hapo Mamboleo, ni mpya kwa kulinganishwa na viwanja vyetu vingi. Wengi waliujua mara ya kwanza kupitia sherehe za Madaraka za 1 Juni 2021. Ukiukaribia kwa miguu unauona kwanza kwa sauti, kisha kwa watu, kisha ndipo saruji inapojitokeza. Wachuuzi wa karanga, miwa, bendera na makoti ya mvua ya plastiki walikuwa wamepanga biashara zao kwa ujuzi wa watu wanaolijua anga la Kisumu kuliko watabiri. Tuliingia mapema, tukapata mahali pa kukaa safu moja, nikawapanga watoto kulingana na upande wa mchezaji wa kila mmoja.

Somo la kwanza walilipata kabla ya mechi, wakati timu zilipotoka kupasha misuli. "Kocha, ni wadogo," nahodha alisema, na sauti yake ilikuwa kati ya furaha na kuvunjika moyo. Kwenye televisheni alikuwa amewaona wakiwa majitu. Hapa aliona vijana wembamba, mmoja wao akiwa na soksi iliyoteremka, wengine wakiwa bado na shingo za watoto. Wakati wa nyimbo za taifa kamera hazikuwa mbele yetu, kwa hiyo tuliona migongo: kidole kinachogongagonga paja, kisigino kinachotetemeka, na mkono wa mmoja uliobana jezi ya mwenzake pembeni, mahali ambapo mpiga picha hafiki.

Mechi ilipoanza, nilijilazimisha kumtazama beki wangu. Sitasimulia mabao, kwa kuwa kwa kweli sikuyaona yakiingia, niliyaona yakiwa yamekwisha kuwa kelele. Ninachoweza kusimulia ni jinsi kijana yule alivyofanya kazi mpira ukiwa mita 60 kutoka kwake. Hakusimama. Uganda iliposhambulia, alipanda hatua tatu, akageuza shingo kushoto, akamtafuta mshambuliaji wetu, akamsogelea bila kumgusa, akamwonyesha mwenzake kwa kidole nafasi iliyo wazi. Mpira ulipopotea huko mbele, yeye alikuwa amekwisha kuanza kurudi nyuma kabla uwanja haujang'amua. Mara mbili alimpigia kelele beki wa kulia hadi mishipa ya shingo ikamsimama, na mara zote mbili hatari aliyoiona haikutokea, kwa sababu aliiona. Katika ripoti yoyote ya magazeti kijana huyo asingetajwa. Nilimwandikia kurasa sita.

Watoto waliteseka. Kila uwanja ulipolipuka niliona shingo kumi na moja zikitaka kugeuka, na winga alishindwa kabisa. Kufikia mapumziko daftari lake lilikuwa na mistari miwili na mchoro wa kombe. Nahodha alikuwa amechora kijiti kila mara kiungo wake alipotazama nyuma ya bega kabla ya kupokea mpira, na ukurasa ulikuwa umejaa vijiti kama daftari la muuza maziwa. Alinionyesha bila kusema neno. Kipa aligundua kwamba mpira ukiwa upande wa Uganda, kipa wa Kenya husogea hadi karibu na mstari wa eneo lake la hatari na haachi kuongea. "Mimi huwa naegemea mlingoti," alisema, akimtazama mama yake kana kwamba ndiye aliyemfundisha.

Uganda walitwaa kombe. Filimbi ya mwisho ilipolia, Mamboleo ilinyamaza kwa namna ambayo umati mkubwa pekee ndio unaoweza kunyamaza, na baadhi ya wachezaji wetu walianguka chini pale pale walipokuwa wamesimama. Beki wangu hakukimbilia wenzake waliorundikana. Alikwenda kwanza kwa mshambuliaji wa Kenya aliyekuwa amemfuata mchana kutwa, akamwinua kwa kwapa, wakabadilishana maneno mafupi. Ndipo alipokwenda kusherehekea.

Katika safu yetu mtu mmoja alikuwa akipiga makofi, naye ni Mama Kipa. Watoto walimtazama kwa mshangao wa watu waliosalitiwa. "Mnanitazamia nini?" aliwauliza. "Nyanya yenu alizaliwa Busia, Msamia, na nusu ya ukoo wetu uko ng'ambo ya mpaka. Huenda yule aliyebeba kombe ni mjukuu wa mjomba wangu." Kipa alificha uso kwenye skafu, lakini baada ya muda mfupi nilimwona naye akipiga makofi, mikono ikiwa chini ya kiti.

Nukuu ninayotaka kuiweka hapa ni ya mtoto wa miaka 13. Sikuitegemea. Alikuwa ameandika kwa mwandiko mdogo kuhusu mchezaji mmoja wa akiba wa Kenya aliyeitwa kupasha misuli, akakimbia kando ya mstari, akarudishwa kuketi, akaitwa tena, akarudi tena. Aliandika kwamba alipoketi mara ya kwanza alivuta koti hadi kidevuni, na mara ya pili hakulivaa kabisa. Aliandika kwamba mwenzake alipotolewa nje akilia, yule wa akiba ndiye aliyeondoka kwenye kiti chake kumpisha aketi karibu na kocha. Chini kabisa, peke yake, kulikuwa na sentensi hii: "Mara ya tatu alifunga kamba za viatu upya ingawa hazikuwa zimefunguka." Nilimuuliza kama mchezaji huyo hatimaye aliingia. "La, Kocha," alisema. Halafu, kama anayenituliza mimi, akaongeza, "Lakini alikuwa tayari."

Tulirudi Migosi kwa miguu gizani. Dada wa Mama Kipa alikuwa amesikiliza mechi redioni, na tulipoingia hakuuliza matokeo. Aliwaita watoto, "Nyithindo, njooni mle," akawapa omena na ugali, na kwa mara ya kwanza tangu tuondoke nyumbani walikula bila kugombania viti.

Siku ya tano: kurudi

Gari lilikwenda vizuri, labda kwa sababu dereva alisimama kila baada ya saa moja kuugusa mkanda kwa kidole. Tulinunua ndizi Ahero, tukapata ukungu Kericho, tukapita Londiani polepole. Watoto wengi walilala, na waliokuwa macho walinakiliana daftari, winga akimwomba nahodha vijiti vyake kwa ahadi ya soda ambayo najua hataitoa.

Nilikuwa nimekaa mbele na daftari la hesabu. Kati ya fedha za wazazi zilibaki shilingi 340, ambazo nilizirudisha kwa mweka hazina wetu jioni hiyo pamoja na risiti ya mkanda wa feni, na mwenye gari bado hajalijibu ombi langu la kurudishiwa gharama hiyo. Ukurasa uliofuata ulikuwa wa mechi yetu ya Jumamosi, ya nyumbani, kwenye mikaratusi yetu. Niliandika kipa. Niliandika mabeki wanne, kisha nikafuta mmoja nikamrudisha. Tulipoanza kupanda kuelekea Mau Summit nilikuwa na majina kumi, na winga hakuwamo.

Nyuma yangu yule wa miaka 13 alikuwa macho, ameegemeza paji la uso kiooni, akitazama lile shamba la viazi likipita. Viatu vyake alikuwa amevipakata. Nililifunga daftari nikaweka kalamu mfukoni, kwa kuwa barabara ya pale ina mashimo na mwandiko wangu ulikuwa hausomeki.